Inzi wa Matunda, Uteuzi Bandia na Mionzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Inzi wa matunda anayezungumzwa hapa ni yupi hasa?

Ni Drosophila melanogaster, mdudu wa manjano iliyofifia, mwenye macho mekundu na urefu wa milimita 2.5 hivi, yule anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi, maganda ya nanasi na bilauri ya tembo la mnazi. Hapaswi kuchanganywa na inzi anayetoboa embe likiwa bado mtini na kuliachia funza ndani, kwa kuwa huyo ni wa familia nyingine kabisa. Spishi yake inayowaumiza zaidi wakulima wetu, Bactrocera dorsalis, asili yake ni Asia na iligunduliwa Kenya mwaka 2003. Wote wawili huitwa inzi wa matunda, na mkanganyiko huo umewahi kunipotezea nusu saa nzima ya mhadhara. Drosophila halili tunda zima bali hufuata hamira zinazolichachusha, na kwao asilia ni Afrika kusini mwa Sahara: huko Zimbabwe watafiti wamewakuta porini wakiandamana na matunda ya mng'ongo.

Kwa nini wataalamu wa jenetiki walimchagua yeye?

Kwa sababu ya haraka, wingi na gharama ndogo. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, yai huwa inzi kamili kwa siku 10 hivi, jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na ukoo mzima hulelewa ndani ya chupa ya maziwa yenye uji mzito wa unga wa mahindi, hamira na sukari. Ana jozi nne tu za kromosomu. Isitoshe, tezi za mate za buu wake zina kromosomu kubwa zenye mistari inayoonekana kwa hadubini ya kawaida, na tangu mwaka 1933, Theophilus Painter alipoonyesha thamani yake, kipande kilichokatika au kugeuzwa huweza kuonekana kwa macho badala ya kukisiwa kwa hesabu tu.

Uteuzi bandia na mutesheni ni kitu kimoja?

Hapana, na karibu kila kosa ninalolisoma kuhusu mada hii huanzia hapo. Mutesheni ni badiliko katika jeni au kromosomu lenyewe: herufi ya DNA imebadilika, kipande kimepotea, au kimegeuzwa nyuma mbele. Uteuzi bandia haugusi jeni hata moja. Mtafiti huamua tu nani azae na nani asizae, kama mfugaji anayemwacha dume mmoja zizini na kuwahasi wengine. Mutesheni huleta tofauti bila kujali anachokitaka mtafiti, na uteuzi huchambua tofauti zilizokwisha kuwapo. Ukimpiga inzi mionzi ukitumaini kupata mbawa ndefu, mionzi haina habari na tumaini lako.

Kabla ya eksirei, mutesheni zilipatikana vipi?

Kwa kusubiri. Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alilea inzi kwa muda mrefu kabla ya kumwona, mwaka 1910, dume mmoja mwenye macho meupe. Alipomjamiisha na majike wenye macho mekundu, alipata watoto 1,237 wenye macho mekundu, na kizazi kilichofuata kikatoa majike wekundu 2,459, madume wekundu 1,011 na madume weupe 782, bila jike mweupe hata mmoja. Mgawanyo huo ulionyesha kwamba jeni ya rangi ya macho husafiri pamoja na kromosomu X. Tazama pia namba mbili za mwisho: kwa kanuni zingepaswa kukaribiana, lakini weupe ni pungufu kwa zaidi ya mia mbili, kwa kuwa mutesheni hiyo humdhoofisha anayeibeba na wengi hawafiki utu uzima. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi wake, Alfred Sturtevant, alichapisha ramani ya kwanza ya jeni iliyopata kuchorwa. Tatizo lilikuwa uhaba wa malighafi, kwani mutesheni zinazotokea zenyewe ni chache mno, na mtu angeweza kukagua maelfu ya inzi na kuondoka mikono mitupu.

Hermann Muller alifanya nini kilichokuwa kipya?

Muller, aliyepitia maabara ya Morgan, alikuwa Chuo Kikuu cha Texas mwishoni mwa mwaka 1926 alipowaweka madume chini ya mashine ya eksirei na kuwajamiisha na majike waliotengenezwa kwa ustadi. Wengi walikuwa wamejaribu mionzi kabla yake. Alichowazidi ni hesabu. Alihitaji njia ya kuhesabu mutesheni ambayo haikutegemea jicho la mtafiti kuona rangi au umbo la ajabu, akaamua kuhesabu vifo.

Majike wake walikuwa na kromosomu X moja ya kawaida na nyingine iliyoitwa ClB. Herufi C iliwakilisha kipande kilichogeuzwa, kinachozuia kromosomu mbili kubadilishana vipande. L ni jeni fifi inayoua, yaani ile isiyo na madhara mpaka ikose mwenzake mzima wa kuifunika. Na B ni alama ya macho membamba kama ufito, inayomwezesha mtafiti kumtambua aliyeibeba. Dume aliyepigwa eksirei alijamiishwa na jike huyo. Mabinti wenye macho membamba walikuwa wamepokea ClB kwa mama na kromosomu X iliyopigwa kwa baba, na kila mmoja wao aliwekwa katika chupa yake na dume wa kawaida.

Sasa fuatilia wana wa kiume wa binti huyo. Nusu hurithi ClB, nao hufa kwa jeni ile inayoua. Nusu nyingine hurithi kromosomu X ya babu, ile iliyopigwa. Ikiwa eksirei ilizalisha humo jeni mpya inayoua, nao pia hufa, na chupa haitoi dume hata mmoja. Kwa hiyo Muller hakuhitaji kumkagua kila inzi. Aliinua chupa, akaangalia kama kuna dume, akaendelea na nyingine. Kwa vipimo vizito alikuta mutesheni zimeongezeka kwa takriban mara 150 kuliko katika inzi wasiopigwa. Alitoa taarifa fupi Julai 1927, akawasilisha takwimu kwenye mkutano wa kimataifa wa jenetiki mjini Berlin Septemba mwaka huohuo, na mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Kwangu mimi, ubora wa kazi hii umo katika chupa isiyo na dume kuliko katika mashine ya eksirei.

Eksirei hufanya nini ndani ya kromosomu?

Hupita katika seli na kung'oa elektroni, ama kwenye DNA yenyewe ama kwenye maji yanayoizunguka, na maji hayo hugeuka kuwa chembe kali zinazoishambulia DNA. Matokeo mabaya zaidi ni kukatika kwa nyuzi zote mbili mahali pamoja. Seli hujaribu kuunga ncha zilizokatika, lakini ikiwa kuna ncha nyingi huweza kuunganisha zisizostahili: kipande kikadondoka, kikarudi kinyumenyume, au kikahamia kromosomu nyingine. Hiyo ndiyo sababu mutesheni za eksirei mara nyingi ni majeraha makubwa ya kromosomu. Mtafiti anayetaka badiliko la herufi moja hutumia kemikali, hasa EMS, ambayo Lewis na Bacher walionyesha mwaka 1968 kwamba dume hulishwa tu katika maji ya sukari.

Je, kipimo kidogo cha mionzi kina madhara madogo, au hakina kabisa?

Kwa inzi, katika viwango vilivyopimwa na wafuasi wa Muller, idadi ya jeni mpya zinazoua kwenye kromosomu X hupanda sambamba na kipimo. Bila mionzi, kromosomu X moja au mbili katika kila 1,000 hupata jeni ya namna hiyo kwa kila kizazi. Kwa rontgeni 1,000, ambazo ni karibu grei 10 (vyote ni vizio vya kupimia mionzi), ni takriban 3 katika kila 100. Mstari huo ulionyooka ndio uliochangia msimamo wa mashirika ya kinga ya mionzi kwamba hakuna kipimo kisicho na hatari hata kidogo. Wapo wanasayansi wanaobisha kwamba mstari huo haupaswi kuburutwa hadi kwenye vipimo vidogo sana, na ubishi huo haujaisha.

Uteuzi bandia kwa inzi hufanyika vipi kwa vitendo?

Huanza na tabia inayohesabika, na iliyopendwa zaidi ni idadi ya vinyweleo tumboni. Mtafiti huwalaza inzi usingizi kwa hewa ya ukaa (zamani ilikuwa etha), huwalaza chali chini ya hadubini, na kwa burashi laini huwageuza mmoja mmoja akihesabu vinyweleo kwenye pingili zilizochaguliwa. Tuseme amehesabu majike 100 na madume 100. Huwachukua 20 wenye vinyweleo vingi zaidi kutoka kila upande, huwaweka katika chupa mpya, na baada ya wiki mbili hurudia na watoto wao. Kazi hii inachosha macho na mgongo kuliko inavyosikika. Inalipa, hata hivyo, kwa sababu takriban nusu ya tofauti ya vinyweleo hivyo baina ya inzi mmoja na mwingine hutokana na urithi.

Mfano unaofaa kukaa nao ni ule wa Kenneth Mather na Harrison, uliochapishwa Uingereza mwaka 1949. Walichanganya koo mbili za maabara, Oregon na Samarkand, kisha wakachagua kuelekea vinyweleo vingi. Wastani ulipanda kutoka karibu 36 hadi 56 katika vizazi 20. Kisha ukoo ukaanza kukosa uzazi kiasi kwamba uteuzi haukuweza kuendelea, na ulipoachwa uzae bila kuchaguliwa, wastani uliporomoka kwa kasi katika vizazi vichache. Walipoanza tena uteuzi baadaye, ulirudi juu haraka, na safari hii ugumba haukurudi kwa ukali ule. Hata uteuzi ulipositishwa tena, wastani haukuporomoka. Ukoo uliochaguliwa kuelekea vinyweleo vichache haukuwa na bahati hiyo, kwani uliishia kufa.

Kwa nini ukoo ule ulikosa uzazi? Vinyweleo vina uhusiano gani na kuzaa?

Moja kwa moja, labda hakuna. Jeni hukaa zimepangana kwenye kromosomu kama shanga kwenye uzi, na ukivuta jeni ya vinyweleo vingi unaburuta pia jirani zake, zikiwamo zinazopunguza uzazi. Uteuzi mkali katika ukoo mdogo hauzipi muda wa kutenganishwa. Katika kipindi cha mapumziko, kromosomu ziliendelea kubadilishana vipande ndani ya majike (katika inzi huyu, madume hawabadilishani kabisa), na baadhi ya jeni za vinyweleo vingi zikapata kukaa mbali na jirani mbaya. Uteuzi wa pili ulizikuta zikiwa safi zaidi. Ndiyo maana kurudi kwa wastani hakukuhitaji mutesheni mpya hata moja. Mpangilio wa zilizokuwapo ulitosha.

Uteuzi hufika kikomo daima?

Hufika mapema pale ukoo unapokuwa mdogo. Inzi 20 hawawezi kubeba aina zote za jeni walizokuwa nazo wazazi 1,000, na nyingine hupotea kwa bahati mbaya tu. Ken Weber wa Marekani alifanya kinyume: alitumia makundi makubwa sana, akayarusha katika bomba la upepo na kuwachagua waliomudu kuruka kuukabili upepo mkali zaidi. Katika vizazi 100 kasi iliyopimwa bombani ilipanda kutoka takriban sentimita 2 hadi 170 kwa sekunde, na afya ya inzi hao haikuporomoka kama wengi walivyotarajia. Michael Rose naye, katika miaka ya 1980, alikusanya mayai ya majike wazee tu, kizazi baada ya kizazi, akapata koo zinazoishi muda mrefu kuliko za kawaida.

Basi, mionzi yaweza kuuvunja ukomo huo?

Wakati mwingine, lakini kwa gharama. Katika miaka ya 1950 Scossiroli, Italia, alipiga eksirei koo ambazo vinyweleo vyake vilikuwa vimeacha kuongezeka, akaendelea kuchagua, na wastani ukaanza kupanda tena. Matumaini yalikuwa makubwa wakati huo. Clayton na Robertson wa Edinburgh walipopima jambo hilo kwa makini, walikuta kwamba mchango wa mutesheni katika tofauti za vinyweleo ni mdogo kwa kila kizazi: kwa zile zinazotokea zenyewe, kama sehemu moja katika elfu ya tofauti inayoletwa na mazingira. Eksirei huongeza kiwango hicho, ila pamoja na jeni moja inayosaidia vinyweleo huja nyingi zinazoua au kuleta ugumba. Mfugaji mwenye haraka hupata faida kubwa zaidi kwa kuuchanganya ukoo wake na mwingine kuliko kuupeleka kwenye mashine.

Mutesheni zote za mionzi ni mbaya?

Nyingi zinazoonekana ni mbaya kwa inzi anayezibeba, na si ajabu, maana kukata waya ovyo ndani ya redio hakuboreshi sauti yake mara nyingi. Hata hivyo kwa mtafiti zina faida ya ajabu. Kromosomu zilizopinduliwa vipande kwa eksirei, kama ile ya CyO yenye alama ya mbawa zilizojikunja, hutumiwa mpaka leo kutunza mutesheni nyingine zisipotee chupani. Badiliko lililotengeneza chombo cha kazi, kwa mtazamo wa inzi, bado ni jeraha.

Inzi mwenye mbawa nne ni kiumbe kipya kilichotengenezwa maabara?

Si kiumbe kipya. Edward Lewis alikusanya ndani ya inzi mmoja mutesheni kadhaa za kundi la jeni liitwalo bithorax, na pingili ya tatu ya kifua, ambayo kwa kawaida hubeba vijiti viwili vidogo vya kusawazisha mwendo, ikakua kama nakala ya pingili ya pili yenye mbawa. Mbawa hizo za ziada hazina misuli ya kuzirusha, na inzi amepoteza vijiti vyake. Hawezi kuruka kama ndugu zake wa kawaida. Thamani yake ni kwamba alionyesha jeni zinazoamua pingili ipi iwe nini, kazi iliyochangia Lewis kupata Nobeli mwaka 1995 pamoja na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus.

Wamepigwa mionzi kwa zaidi ya karne, mbona bado ni inzi?

Swali hili huulizwa kwa kejeli, lakini linastahili jibu la heshima. Kwanza, majaribio mengi ya mionzi hayakukusudia kuunda spishi. Yalikusudia kuvunja jeni moja ili kazi yake ijulikane, kisha ukoo uliovunjika ukahifadhiwa vilevile, kwa makusudi, usibadilike zaidi. Pili, mionzi bila uteuzi haijengi kitu. Tatu, pale watafiti walipojaribu kweli kuangalia mwanzo wa utengano, waliuona: Diane Dodd, mwaka 1989, aliripoti kwamba makundi ya Drosophila pseudoobscura yaliyolelewa mbalimbali, mengine kwa chakula cha wanga na mengine kwa sukari ya maltosi, yalipokutanishwa yalipendelea kujamiiana na wa chakula chao. Hiyo ni hatua ya kwanza tu, na anayedai kwamba spishi mpya ilikwisha kuzaliwa pale anatia chumvi. Anayetarajia inzi ageuke nyuki katika vizazi elfu chache, naye, anadai jambo ambalo nadharia ya mageuko haikuwahi kuahidi.

Nikipigwa eksirei ya kifua hospitalini, watoto wangu watapata mutesheni?

Eksirei moja ya kifua ni takriban milisivati 0.1 (kizio cha athari ya mionzi mwilini), wakati mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani na katika chakula ni wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani. Muller aliwapa inzi wake vipimo vya maelfu ya mara zaidi. Hata kwa watoto waliozaliwa baadaye na manusura wa Hiroshima na Nagasaki, uchunguzi wa muda mrefu haukugundua ongezeko la wazi la kasoro za kurithi. Hii si ruhusa ya kupigwa picha bila sababu. Muller mwenyewe alipigania sana kinga kwa wagonjwa na wahudumu wa eksirei.

Elimu hii imetufaa wapi Afrika Mashariki?

Unguja. Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, alisoma kazi ya Muller, akamwandikia kuuliza kama mionzi ingeweza kuwafanya madume wa inzi mla-nyama wawe tasa bila kuwanyima nguvu ya kujamiiana. Ilithibitika kwamba inawezekana: manii yanabaki hai na kulifikia yai, lakini kromosomu zimevunjika kiasi kwamba kiinitete hufa. Ni mutesheni inayoua tena, ila safari hii imekuwa silaha.

Kwa njia hiyohiyo mbung'o wa Unguja, Glossina austeni, aliyekuwa akiambukiza ng'ombe nagana, alipigwa vita kuanzia mwaka 1994. Mbung'o walizalishwa kwa wingi Tanga, madume wakatiwa utasa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla, baada ya idadi ya mbung'o wa porini kupunguzwa kwanza kwa dawa na mitego. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Jike wa mbung'o kwa kawaida hujamiiana mara moja tu, na huzaa buu mmoja mmoja kila baada ya siku kadhaa, hivyo kila jike aliyepata dume tasa alikuwa amepotezewa uzao wake wote.

Je, naweza kufanya jaribio la uteuzi shuleni, bila mionzi?

Unaweza, na mionzi haihitajiki hata kidogo. Weka kipande cha ndizi katika chupa, funika kwa karatasi iliyoviringwa kama faneli, na inzi watakuja wenyewe. Hakikisha tu umewatambua vizuri, maana jamaa zake wadogo ni wengi. Dume ana ncha ya tumbo nyeusi na ya mviringo, na kijichana cheusi kwenye miguu ya mbele. Kazi ngumu ni kupata majike bikira, kwa kuwa jike huhifadhi manii ya dume wa kwanza na kuyatumia kwa siku nyingi, na jaribio zima huharibika bila wewe kujua. Ondoa inzi wote chupani asubuhi, kisha wachukue watakaotoka ndani ya saa nane zinazofuata: wana rangi iliyopauka, mbawa zao huenda bado zimekunjamana, na kupitia ngozi ya tumbo utaona doa jeusi la mabaki ya chakula cha mwisho walichokula wakiwa mabuu.